Anayejua Mdako Ameshaanza Tenisi

(Mazungumzo na vijana wanaofundisha watoto michezo, Tanga)

Haya, sogeeni kivulini.

Mtoto haachi tenisi kwa kuwa ni ngumu. Anaacha kwa sababu kapangwa foleni, zamu yake ikafika akapiga hewa, wenzake wakacheka. Kesho humuoni. Na wasichana ndio wa kwanza kupotea.

Sasa jiulizeni: wasichana hao hao si ndio mabingwa wa mdako huko Ngamiani? Unarusha jiwe, unachota mengine, unalidaka kabla halijaanguka. Macho na mkono vinakwenda pamoja. Tenisi ndiyo hiyo!

Basi siku ya kwanza raketi ziwekeni pembeni. Kila mtoto na mpira wake: arushe juu, apige kofi moja, adake. Kisha makofi mawili. Kisha auache udunde mara moja ndipo adake. Watacheka, ndiyo, lakini wanacheka wote.

Halafu fungeni kamba ya katani (hapa kwetu itakosekana?) kwenye miti miwili, chini kidogo ya mita moja, mtundike khanga kuukuu. Wawili wawili wapigiane mpira kwa kiganja, baadaye kwa kibao, wakihesabu pamoja. Umevuka mara nne? Kesho tafuteni tano. Mimi huu ndio naupenda kuliko yote, maana mwenzako akikosa mmekosa wote, kwa hiyo unampa mpira mzuri.

Na rede je? Mkono ule unaomlenga mtu wa katikati ndio wa kuanzishia mpira. Arushe ng'ambo ya kamba kwanza, raketi itafuata.

Mpira mpya unaruka mno, tafuteni uliochakaa. Msione haya. Tangu 2012 sheria za tenisi duniani zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yatumie mipira ya polepole. Uwanja wa wadogo kabisa una urefu wa mita 11 hivi, wa wakubwa 23.77. Kwa nini umkimbize mtoto huko kote?

Chezeni jua likipoa, maji yawepo. Msichana akitaka kucheza na mtandio wake, aufunge vizuri acheze. Akisema leo hawezi, usimhoji mbele ya watu. Mzazi akidai tenisi si ya watoto wa kike, mwambieni habari za Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi: mwaka 2022 yeye na mwenzake walichukua taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon.

Haya, nani ana kamba?