Kazi ya Mbali na Shamba la Nyumbani

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama cha Msingi katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu, Mpanda



Waliotangulia wameeleza habari za mizani, maghala na hesabu za Chama chetu Kikuu, nao wameeleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimeombwa niseme juu ya vijana wanaokwenda mjini kutafuta kazi, kwa kuwa ni mmoja wa waliokwenda, na ni mmoja wa waliorudi.

Nilipomaliza kidato cha nne hapa Mpanda nilikaa nyumbani kwa muda, kisha mwaka 2013 nikashika njia ya Dar es Salaam. Nilipata kazi ya ukarani katika ghala moja la Kariakoo. Chumba nilipanga Gongo la Mboto, maana kodi ya nyumba zilizo karibu na kazi ilikuwa kubwa kupita mshahara wangu. Basi kila siku niliamka saa kumi ya alfajiri ili niwahi daladala kabla haijajaa. Jioni ilikuwa vita nyingine. Watu waliingia kwa madirishani, na aliyepanda na shati jeupe alishuka na shati la rangi asiyoijua. Mwezi wa Oktoba 2012 zilikuwa zimeanzishwa treni za mjini, ambazo watu waliziita kwa jina la Waziri Mwakyembe; na mwaka 2016 ikaanza treni ya Pugu, ikatupunguzia adha sisi wa upande ule. Hata hivyo, saa zangu za njiani, kwenda na kurudi, hazikupungua sana chini ya tano.

Sisemi haya ili kuutukana mji. Mji ulinilisha, tena ulinifundisha kuiheshimu saa na kufunga hesabu kila jioni kabla ya kuondoka kazini, nanyi wanachama mnafaidi mafunzo hayo mpaka leo bila kuyalipia. Lakini siku moja ya Jumapili nilikaa nikapiga hesabu. Saa tano kwa siku, siku sita kwa juma, ni saa 1,560 kwa mwaka. Ukizigawa, ni siku 65 kamili, mchana na usiku, mtu amesimama ameshika bomba la daladala. Hakuna mwajiri alipaye siku hizo. Hapa kwetu, katika siku kama hizo mbegu ya tumbaku husiwa kitaluni, ikaota, ikakua, ikawa miche ya kupeleka shambani.

Mtu aweza kusema: basi vijana wote na warudi! Laiti jambo lingekuwa jepesi hivyo.

Yafaa tukumbuke kwamba Mpanda nayo ilikuwa mji wa kufuatiwa mshahara. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210, lililokamilika mwaka 1950, halikujengwa kwa ajili ya mkulima. Lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Watu walikuja kutoka mbali kufanya kazi humo, kama sisi tulivyokwenda Kariakoo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mshahara ulikatika, ila reli ilibaki, nao waliokuwa na shamba la kushika walikuwa na pa kuanzia.

Tena tazameni Katumba na Mishamo. Ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walifika katika pori la miombo wasiokuwa na kitu. Walipewa ardhi, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na mwaka 2014 wengi wao wakakabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Waliokuja wakiwa wageni wamekuwa wenyeji, na wana wetu waliozaliwa hapa wanaondoka kama wageni. Nimelifikiri sana jambo hili.

Wazee wangu, niwieni radhi nikisema wazi. Mimi nilirudi mwaka 2019 kwa sababu baba yangu alinikatia ekari mbili, akaniambia, “Hizi ni zako, nami sitakuuliza.” Nilijiandikisha katika chama cha msingi kwa jina langu. Msimu ule wa kwanza, mtumba wangu wa tumbaku ulipopanda mizani ulikuwa na namba yangu, mteuzi akautaja daraja lake mbele yangu, na fedha zikaingia katika akaunti yangu. Hazikuwa nyingi. Lakini hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimezifanyia nini, ila mke wangu, naye ana haki, maana alikesha bani pamoja nami akichochea moto.

Vijana wengi hawapati hayo. Kijana husia, hupandikiza, huchuma, hukata kuni za bani, na siku ya soko mtumba husomwa kwa jina la baba. Akipewa shati na nauli ya kwenda mnadani, huambiwa ashukuru. Na malipo yakichelewa, kama yalivyowahi kuchelewa, mzee ana ng'ombe wa kuuza, kijana hana. Zamani masika ilimzuia kuondoka, kwa kuwa njia ya Tabora ilikuwa tope. Sasa kuna lami kupitia Inyonga na Sikonge. Asubuhi yupo nasi, jioni hayupo. Lami hiyo siilaumu hata kidogo, maana ndiyo ipitishayo mazao yetu, nayo yaweza kumrudisha mtu upesi vilevile, akiwa na neno la kumrudisha.

Wako wasemao kwamba kijana akipewa ekari ataiuza au ataiacha magugu. Wengine watafanya hivyo, sikatai. Nimewaona wazee nao wakifanya. Sharti la kuwa mwanachama wetu si mvi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kamati ya chama chetu imeniruhusu kutangaza mambo mawili. Orodha ya malipo itabandikwa ukutani siku ileile fedha zitakapofika benki, jina kwa jina, ili asiwepo wa kuambiwa habari za fedha zake na mtu mwingine. Na daftari la wanachama wapya li wazi. Mzazi atakayemkatia mwanawe shamba, wa kiume au wa kike, aje naye ofisini pamoja na mwenyekiti wa kijiji awe shahidi, nasi tutampa kijana namba yake papo hapo. Tafadhalini mje kabla ya mbegu kusiwa vitaluni, kwa sababu pembejeo hugawiwa kwa kufuata namba zilizomo daftarini. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, nami huwapo tangu saa moja na nusu.