Mtoto Asiwe Rehani ya Ng'ombe



Mji wa Sirari umekaa juu ya mstari. Upande huu ni wilaya ya Tarime, upande wa pili ni Isebania ya Kenya, na katikati umepita mpaka ambao asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mapatano hayo hayakuwauliza Wakurya neno. Yaliwagawa wakiwa watu wa lugha moja na koo zilezile. Hata leo mtu huvuka asubuhi kwenda sokoni na kurejea jioni kwa mkewe. Lakini mpaka unaomrahisishia mchuuzi riziki yake humrahisishia vilevile mzazi mwenye hasira kumficha mtoto.

Jambo lenyewe huanza kwa namna inayojulikana. Mume na mke wamekosana. Mke amerudi kwao, mume anadai mahari yake, wakwe wanajibu kwamba ng'ombe wamekwisha kuozea kaka wa mke. Kabla wazee hawajakaa, mtoto wa miaka minne amechukuliwa usiku na kupelekwa kwa jamaa upande wa pili. Pengine aliyemchukua ni baba, pengine ni mama. Mtoto huambiwa kuwa mzazi aliyebaki amekufa, au kwamba hampendi tena. Naye mtoto akilia, watu wazima hutulizana wenyewe kwa wenyewe: "Huyu bado mdogo, atasahau."

Hapo ndipo penye kosa. Mtoto hasahau, hukosa tu maneno ya kulieleza lililomfika.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka Ulaya peke yake. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa iliyoonya kuwa mtoto mdogo anayetenganishwa na mlezi wake huweza kudhurika nafsi. Miaka michache baadaye, 1954 na 1955, mtaalamu Mary Ainsworth alikaa karibu na Kampala, akazitembelea familia 26 za Waganda na kuwatazama watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto mwenye mama msikivu hutambaa mbali kuichunguza dunia, kisha hurudi kwa mama kama msafiri arudivyo kambini. Aliona pia kuwa watoto hao walishikamana na baba, bibi na ndugu zao. Kwa hiyo kinachomjenga mtoto ni uhakika kwamba mtu wake yupo na akimwita ataitika.

Uhakika huo ukivunjwa ghafla, tena kwa mkono wa mzazi mwenyewe, mtoto hujifunza somo baya: kwamba anayependwa huondoka, na anayesema kweli hudanganya. Somo hilo hukua pamoja naye. Akiwa mtu mzima aweza kuwa mume anayemlinda mkewe kama mfungwa kwa kuogopa kuachwa, au mke anayefungasha mizigo kwa ugomvi mdogo ili awahi kuondoka yeye kwanza. Mwingine huwa mkali asiyemwamini rafiki wala jirani. Mwingine huzama katika pombe. Na yuko yule mpole mno, asiyethubutu kukataa neno lolote asije akafukuzwa. Majirani husema, "Ndiyo tabia yake," wala hawaulizi tabia hiyo ilizaliwa usiku gani.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa jeraha la utotoni ni hukumu ya maisha, wala kwamba ni ruhusa ya kutenda maovu. Afrika Mashariki imeshuhudia kesi iliyolipima swali hili kwa uzito wa kutisha. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa Joseph Kony angali mtoto, akakulia msituni hadi kuwa kamanda wao. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61 na kumfunga miaka 25. Mahakama ilikubali kuwa utoto wake uliporwa, ikalizingatia hilo katika kupima adhabu. Lakini haikukubali kuwa kutekwa kwake kulimfutia mtu mzima wajibu wa matendo yake. Mzazi wa Sirari si mwasi wa msituni. Lakini funzo linabaki: aliyeumizwa ahurumiwe, na bado awajibike.

Wapo watakaouliza: je, mila za Kiafrika hazikuwapeleka watoto kulelewa na bibi au shangazi? Naam, zilifanya hivyo na zingali zinafanya. Ila tofauti ni kubwa. Mtoto anayelelewa na bibi huenda mchana, kwa kuagwa. Anajua mama yake yuko wapi, naye mama huja na kanga na sukari. Anayeibwa huenda usiku, na jina la mzazi wake hufanywa mwiko.

Tena si kila anayeondoka na mtoto ni mwizi. Mama anayekimbia kipigo akiwa na mwana mgongoni anaokoa roho mbili. Msichana anayekimbilia nyumba salama ya Masanga au Mugumu ili asikeketwe hakutekwa na mtu. Ndiyo maana mashauri haya yanataka kusikilizwa, si kuamuliwa kwa hasira.

Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilisema kuwa watoto ni wa baba, na huko Ukuryani kauli kwamba mtoto hufuata ng'ombe ina mizizi mirefu. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, ikachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba hufaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mwenye haki ya kumlea. Ng'ambo ya pili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya malezi ya baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Pande zote mbili, basi, zinakubaliana.

Kinachotakiwa ni vitendo. Baraza la iritongo linapokaa kuhesabu ng'ombe, swali la kwanza liwe: mtoto analala wapi usiku huu, na nani? Mashauri yafikishwe kwa ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi kabla mtu hajavuka. Nambari ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, Tanzania na Kenya vilevile. Na mzazi aliyekwisha kumficha mtoto amwambie ukweli kwamba mwenzake yu hai, kisha wakutanishwe mbele ya wazee.

Ng'ombe aliyepotea hufuatwa nyayo zake hata ng'ambo ya mpaka, na kijiji kizima hutoka. Mtoto naye afuatwe hivyo hivyo.