Magari ya umeme na baridi: Safari ya kutoka Sydney hadi milima ya theluji

Wakati wakaazi wa Afrika Mashariki wanapojifunika mablanketi katika msimu wa kipupwe, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, mji wa Sydney huko Australia nao huwa katika majira ya baridi. Hata hivyo, baridi ya Sydney si ya kutisha. Katika mwezi wa Julai, joto la alfajiri katikati ya mji huwa kwa wastani kiasi cha nyuzi 8 za Selsiasi, na mchana hufikia 16 au 17. Msikilizaji wa Limuru nchini Kenya, au wa Njombe nchini Tanzania, anaijua vyema baridi ya namna hiyo. Kipimo cha chini kabisa kilichowahi kuandikwa katika kituo cha hali ya hewa cha Observatory Hill mjini humo ni nyuzi 2.1, mwezi Juni mwaka 1932.

Lakini wakaazi wa Sydney hawabaki mjini majira yote. Familia nyingi hufunga safari kuelekea kusini-magharibi, kwenye milima ya Snowy, kutazama theluji na kuteleza juu yake. Mji mdogo wa Thredbo uko umbali wa karibu kilomita 500. Huko hali ni nyingine kabisa. Ni katika milima hiyo, mahali paitwapo Charlotte Pass, ambapo tarehe 29 Juni mwaka 1994 palipimwa nyuzi 23 chini ya sifuri, baridi kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa nchini Australia.

Kwa mwenye gari la umeme, safari hiyo huzusha swali moja zito: je, betri itamfikisha? Ni swali la usalama, kwani kuishiwa umeme usiku kwenye barabara ya mlimani, watoto wakiwa kiti cha nyuma na theluji ikianguka, si jambo la mzaha.

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kufahamu yanayotokea ndani ya betri. Betri za magari haya hufanya kazi kwa chembechembe za madini ya lithiamu zinazosafiri ndani ya majimaji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi inapozidi, chembechembe hizo huenda polepole, kama vile mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi ya kipupwe. Umeme haujatoweka, ila kuutoa kunakuwa kugumu, na kuuingiza kunakuwa kugumu zaidi. Kuichaji betri kwa nguvu ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaweza kuiharibu, na kwa hiyo kompyuta ya gari hupunguza kasi ya kuchaji.

Pamoja na hayo, mlaji mkubwa wa umeme wakati wa baridi ni hita ya kuwapasha joto abiria. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto, na joto hilo la bure ndilo linalopeperushwa ndani ya gari. Mota ya umeme haipotezi nguvu kiasi hicho, na sifa yake hiyo njema ndiyo inayogeuka kuwa mzigo: joto la abiria lazima litengenezwe kwa umeme wa betri.

Uchunguzi uliofanywa na Chama cha Magari cha Marekani, AAA, mwaka 2019 ulilionyesha jambo hilo waziwazi. Magari matano ya umeme yalipimwa katika baridi ya takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ilipozimwa, umbali ambao magari hayo yaliweza kwenda ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Magari mengi ya siku hizi yana pampu ya joto, chombo kinachovuta joto kutoka hewa ya nje na kutumia umeme mchache kuliko hita ya kawaida, ingawa nguvu yake hupungua baridi inapokuwa kali mno.

Hapa ndipo hata dereva asiyetoka nje ya Sydney anapoguswa. Chukulia gari linalotumia kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100, na hita inayovuta kilowati 3 mfululizo. Katika barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hita hiyo itakula kilowati-saa 3 katika kilomita 100. Lakini katika msongamano wa Parramatta Road, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, umbali uleule huchukua saa 4, na hita hula kilowati-saa 12. Dereva wa teksi anayepanda na kushusha abiria asubuhi nzima, milango ikifunguliwa kila mara, huona hasara hiyo hata kama nje hakuna theluji.

Kwa anayekwenda Thredbo, mahesabu yanaongezeka. Kwanza, kuna mwendo wa kasi barabarani hadi Goulburn na Canberra, ambapo hewa ya baridi, iliyo nzito kuliko ya joto, hulizuia gari zaidi. Baada ya Cooma na Jindabyne huja mpando. Thredbo iko mita 1,365 juu ya usawa wa bahari, na kuliinua gari la tani 2 hadi kimo hicho kunahitaji zaidi ya kilowati-saa 7, umeme ambao katika tambarare ungelipeleka gari kilomita 40 au zaidi. Sehemu ya umeme huo hurudi gari linapoteremka, kwa vile mota hugeuka kuwa jenereta. Lakini betri iliyolala kwenye baridi usiku kucha, au iliyojaa pomoni, haiwezi kuupokea wote.

Je, ahadi ya mtengenezaji iaminiwe? Umbali unaotangazwa hupatikana katika maabara. Kipimo cha WLTP, kinachotumiwa sana duniani, hufanywa katika nyuzi 23, bila hita wala kiyoyozi. Mwezi Agosti mwaka 2025, Jumuiya ya Vyama vya Wenye Magari ya Australia ilitangaza matokeo ya kuyapima magari matano ya umeme barabarani. Yote yalikwenda umbali mfupi kuliko ulioahidiwa, kwa asilimia 5 hadi 23.

Hayo yasimvunje moyo msikilizaji. Nchini Norway, ambako majira ya baridi ni marefu na makali kuliko ya Australia, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Kwa upande mwingine, mjini Chicago mwezi Januari mwaka 2024, baridi kali iliwakuta madereva wengi katika foleni ndefu za vituo vya kuchajia, na baadhi ya magari yakakwama palepale.

Kwa hiyo dereva mwenye busara huanza kulipasha gari joto likiwa bado limechomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Hutumia kiti chenye joto, ambacho hula umeme mdogo sana kuliko hita. Hupima upepo wa matairi, kwani baridi huupunguza. Hachelewi kuchaji Cooma au Jindabyne, wakati betri ingali na joto la safari, na hapandi mlima akiwa na umeme wa kubahatisha.

Somo hili si la Australia pekee. Katika majaribio yaleyale ya Marekani, kiyoyozi katika joto la nyuzi 35 kilipunguza umbali kwa asilimia 17, na joto hilo si geni kwa msikilizaji wa Muscat. Naye dereva wa Nairobi ana milima yake na misongamano yake. Anayefikiria kununua gari la umeme, hasa kwa mkopo na kwa ajili ya riziki, asiulize tu kwamba linakwenda kilomita ngapi. Aulize linakwenda kilomita ngapi katika hali ya hewa ya kwao, na katika barabara ya kwao. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.