Nauli ya Gari la Moshi kwa Wanaofuata Timu Ugenini



Kila ligi inapoanza huonekana watu wazima wenye akili zao timamu, wajuao kuhesabu bei ya sukari na karo ya shule mpaka senti ya mwisho, lakini ambao hawajapata kuandika mahali popote kiasi wanachotumia kufuata timu yao ugenini. Wakiulizwa, hutaja nauli tu. Nauli ni jambo kubwa, wala hapana mtu wa kulikataa hilo. Lakini anayeondoka nyumbani na nauli peke yake mfukoni ndiye aonekanaye Jumatatu asubuhi akizunguka kwa jamaa zake kutafuta mkopo wa kufikia mwisho wa mwezi.

Mpira wa miguu na reli ni ndugu wa zamani. Huko Uingereza ligi ya kwanza ilipoundwa mwaka 1888, klabu zake zilikuwa 12, sita za upande wa Lancashire na sita za majimbo ya kati ya nchi. Miji hiyo ilikuwa imekwisha kuunganishwa kwa reli, na kwa ajili hiyo timu iliweza kutoka mji mmoja, ikacheza, ikarudi siku ile ile. Tena sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imeamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo wasifanye kazi kupita saa nane ya mchana siku ya Jumamosi, na wanaume nao wakafuata desturi hiyo polepole. Mtu aliyemaliza kazi saa nane aliweza kufika uwanjani saa tisa. Hivyo saa ya mchezo ilipangwa kwa kumfuata mfanyakazi na gari lake la moshi. Neno hili yafaa likumbukwe, kwa maana litarudi.

Katika Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa njia iyo hiyo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu, mwaka 1901. Mashindano ya Kombe la Gossage yalipoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, reli ilikuwa haijafika Kampala. Ilifika huko mwaka 1931. Kabla ya hapo njia ya kawaida kwa msafiri wa Uganda ilikuwa kupanda meli ya ziwani mpaka Kisumu, kisha kupanda gari la moshi kwenda Nairobi. Hata ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963 ilifuata njia ya reli kana kwamba imefungwa nayo kwa kamba: bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars, na bingwa wa mwaka 1965 alikuwa Feisal ya Mombasa.

Sasa na tutazame fedha.

Treni ya abiria katika reli mpya ya kati ya Mombasa na Nairobi ilianza kazi katikati ya mwaka 2017, na nauli ya daraja la chini mwanzoni ilikuwa shilingi 700. Watu wakafurahi sana. Baadaye nauli ikafika shilingi 1,000, na tarehe 1 Januari 2024 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Daraja la kwanza lilitoka shilingi 3,000 likawa 4,500. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupanda kwa bei ya mafuta, nayo ni sababu inayoeleweka, kwa kuwa treni hizo huenda kwa dizeli. Lakini kueleweka kwa sababu hakumpunguzii mtu malipo.

Mathalani, mkaaji wa Likoni aipendaye Bandari anataka kuiona ikicheza Nairobi. Kwenda na kurudi katika daraja la chini ni shilingi 3,000. Mwaka 2023 ilikuwa 2,000. Kivuko cha Likoni hakimtozi kitu anayekwenda kwa miguu, lakini stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na mjini, na hapana budi apande matatu. Akifika Nairobi hujikuta Syokimau, wala si katikati ya mji. Ni lazima apande gari jingine. Na wakati wa kurudi ni vivyo hivyo. Juu ya hayo mtu hula, na chakula kiuzwacho safarini hakilingani na bei ya kibandani. Akitenga shilingi 1,000 kwa mambo hayo yote, na hiyo ni kwa mtu ajuaye kujizuia, safari moja imekwisha kuwa 4,000 kabla hajalipa kiingilio. Na kwa kuwa klabu nyingi zina makao yake Nairobi au karibu yake, akisafiri mara nane katika msimu mmoja atakuwa ametumia shilingi 32,000. Hesabu hiyo ikiandikwa na kubandikwa ukutani nyumbani, mazungumzo ya jioni hayatakosa.

Anayetaka kwenda na mwanawe ajue kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipi, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Kila mtu mzima awe na kitambulisho, kwa sababu tiketi hukatwa kwa jina na namba yake.

Wako wanaopunguza gharama kwa kuchagua saa. Safari ya reli ile huchukua kadiri ya saa tano au sita, na ipo treni ya usiku ifikayo kabla ya kucha. Msafiri akipanda usiku wa kuamkia siku ya mchezo, kisha akarudi usiku unaofuata, halipi chumba cha kulala. Amelipa nauli na kitanda kwa fedha moja, ingawa viti vya daraja la chini havikuundwa kwa ajili ya usingizi. Anayengoja treni ya asubuhi, ile isimamayo Voi, Mtito Andei na Emali, hufika mchana, na ikiwa mchezo ni saa tisa atakuwa akikimbia kutoka Syokimau moyo ukimdunda. Basi la barabarani huchukua saa nyingi zaidi, lakini humshusha mtu mjini. Kwa hiyo si kila mara treni ndiyo nafuu, wala si kila mara basi. Hutegemea saa ya mchezo na mahali ulipo uwanja.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mipango yote hiyo, ya kutenga fedha, ya kuchagua saa, ya kukata tiketi mapema nafasi zikingalipo, inasimama juu ya msingi mmoja tu, nao ni tarehe ya mchezo. Tarehe ikiondolewa, kila kitu huanguka. Wapenzi wa mpira wa Kenya wameyaona hayo mara nyingi. Viwanja vya Nyayo na Kasarani vilipofungwa kwa matengenezo kabla ya mashindano ya CHAN yaliyochezwa Agosti 2025, michezo ilihamishwa huku na huku, na mtu aliyejua njia ya kwenda Nyayo akatakiwa kujifunza njia ya kwenda mji mwingine. Matengenezo ya uwanja ni jambo la lazima. Lakini mchezo kuahirishwa siku mbili kabla, huku watu wamekwisha kukata tiketi na kuomba ruhusa kazini, huko ni kumtoza mtu maskini ada isiyoandikwa katika daftari lolote.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake. Kutoka Newcastle hadi London ni kadiri ya kilomita 430 kwa reli, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Mombasa. Huko Uingereza tiketi za bei rahisi hutolewa yapata majuma kumi na mawili kabla ya safari, na tiketi ya namna hiyo hufaa kwa treni moja tu, ya saa moja tu. Asiyeinunua mapema huweza kulipa zaidi ya pauni 100 kwa kwenda na kurudi. Tangu msimu wa 2016 klabu za ligi kuu zimekubaliana kwamba kiingilio cha mshangiliaji wa timu ngeni kisizidi pauni 30, nalo ni jambo jema lililopatikana baada ya washangiliaji wenyewe kulidai kwa muda mrefu. Lakini bei ya uwanjani imefungwa, na bei ya njiani imebaki wazi. Wenye televisheni wakitaka mchezo uhamishwe kutoka Jumamosi saa tisa uwe Jumatatu usiku, huhamishwa; na aliyenunua tiketi ya Jumamosi hubaki nayo kama kumbukumbu. Mchezo wenyewe ukiisha usiku sana, treni ya mwisho ya kwenda mbali imekwisha kuondoka, na malipo ya chumba cha kulala huongezeka juu ya hayo mengine. Saa ya mchezo, ambayo zamani ilimfuata mfanyakazi na reli yake, siku hizi humfuata mtu aliyeketi nyumbani mbele ya kioo.

Dawa ya Waingereza kwa upande wa nauli ni kusafiri kwa kundi. Kampuni nyingi za reli huko hupunguza thuluthi ya nauli kwa watu watatu hadi tisa wanaokwenda pamoja katika saa zisizo na msongamano. Matawi ya washangiliaji wa Kenya yana nguvu ya kutosha kuomba jambo kama hilo. Tawi lenye watu 80, wenye majina yao na fedha zao zilizokusanywa kidogo kidogo kila mwezi kama zinavyokusanywa katika vyama vya akiba, ni mteja ambaye shirika lolote la uchukuzi lingependa kuzungumza naye. Lakini hata tawi lenye watu 80 haliwezi kukata behewa ikiwa halijui mchezo utakuwa lini. Kwa sababu hiyo ombi la kwanza la matawi kwa shirikisho na kwa klabu lisiwe juu ya viingilio. Liwe juu ya ratiba itolewayo mapema na kushikwa, na pale inapovunjwa bila ya dharura, klabu yenye kosa ifikirie namna ya kuwarudishia watu walau sehemu ya gharama, au kuwapa kiingilio cha bure mchezo utakapochezwa.

Mfano wa ratiba na reli kufaana ulionekana Desemba 2021, ilipofufuliwa treni ya abiria ya kati ya Nairobi na Kisumu katika reli ya zamani, baada ya kukaa miaka kadhaa bila abiria. Nauli ya daraja la chini iliwekwa shilingi 600, na la kwanza 2,000. Treni iliondoka Nairobi Ijumaa jioni, ikasafiri usiku kucha, ikafika Kisumu Jumamosi asubuhi. Kisha ikarudi Jumapili jioni. Kwa mshangiliaji wa Nairobi ilikuwa kama imepangwa na mtu anayependa mpira. Mchezo ukiwa Jumamosi, mtu aliweza kuuangalia kwa raha, akalala kwa jamaa, akala samaki wa ziwani, akarudi. Mchezo ukiwa Jumapili saa kumi, mambo yalikuwa mengine: Uwanja wa Moi hauko mbali na mjini, lakini ule wa Jomo Kenyatta uko Mamboleo, na aliyengoja dakika za nyongeza huko alipaswa kuwa na fedha za pikipiki mkononi, au za basi.