Kuuza Elimu Mlangoni

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu yake. Nifuateni polepole katika karatasi mliyopewa.

Leo tutazungumza juu ya kazi. Wengi wenu mnajifunza kusoma ili mpate kazi iliyo bora zaidi. Na kazi moja inayosifiwa sana ni kazi katika kampuni kubwa ya elimu. Watu husema, "Fulani hana shida tena. Yuko katika mambo ya elimu, tena kampuni yenyewe ni kubwa." Je, ni kweli? Na tutazame kampuni moja, tuone kazi yake ilikuwaje.

Kampuni hiyo yaitwa Encyclopaedia Britannica. Ensaiklopedia ni mkusanyo wa vitabu vyenye maarifa ya kila namna: nchi, wanyama, magonjwa, mashine, wafalme. Habari zake hupangwa kwa alfabeti, kama katika kamusi. Britannica ilianza kutolewa mwaka 1768 katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland. Baadaye ilinunuliwa na Wamarekani, na makao yake yakawa Chicago. Mwaka 1960 seti moja ilikuwa na vitabu 24, vikubwa na vizito.

Ukisikia habari hizo utadhani kila mfanyakazi wa kampuni ile alikuwa mtaalamu, akikaa mezani na kuandika. Walikuwako watu wa namna hiyo. Lakini vitabu havina miguu. Walitakiwa watu wa kuvipeleka habari zake nyumba kwa nyumba, na watu hao walikuwa wengi. Hao ndio wauzaji.

Tuseme wewe ni mmoja wao. Mwaka ni 1960, nawe unakaa Marekani. Unapewa mkoba, kitabu kimoja cha mfano, na karatasi ndefu yenye picha ya seti nzima. Unafundishwa maneno ya kusema mpaka uyajue kwa moyo. Jioni, baba na mama wakiwa wote wawili nyumbani, unapiga hodi. Ukikaribishwa, unaikunjua karatasi yako na kuitandaza sakafuni. Wenye nyumba wanaona jinsi vitabu vile vitakavyopendeza ukutani mwao. Kisha unauliza, "Je, mngependa watoto wenu wafaulu shuleni?" Mzazi gani atasema hapana?

Bei ni kubwa, kwa hiyo wengi hulipa kidogo kidogo kila mwezi. Na wewe unalipwaje? Unalipwa kamisheni, yaani fungu la fedha kwa kila seti uliyouza. Ukiuza, unakula. Ukipiga hodi katika nyumba ishirini na usipate mnunuzi, umetembea bure, na soli za viatu zimekwisha.

Angalieni jambo hili vizuri. Kampuni ni ya elimu, lakini kazi yako si kufundisha. Kazi yako ni kuuza. Na hapo ndipo penye mtego. Mtu ambaye chakula chake kinategemea mlango ufunguliwe, huanza kutafuta hila ya kuufungua. Baadhi ya wauzaji hawakusema kwamba wamekuja kuuza. Walisema wanakusanya maoni ya watu, kumbe wanatafuta njia ya kuingia tu. Mambo hayo yalifika serikalini. Mwaka 1976 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru kampuni kwamba, kabla ya kuingia, mwuzaji lazima aonyeshe kadi inayoeleza wazi kuwa yeye ni mwuzaji. Kampuni ilikata rufani, lakini mwaka 1979 mahakama iliithibitisha amri ile. Njia ya mwongo ni fupi.

Lakini msidhani kazi ile yote ilikuwa mbaya. Wako waliouza kwa haki, wakalea watoto wao kwa kazi hiyo, na wako watoto waliovisoma vitabu vile wakapata faida. Mwaka 1990 ziliuzwa seti 120,000 hivi katika Marekani. Hapana shaka wauzaji waliona kwamba kazi yao ni ya maisha.

Haikuwa hivyo. Zilikuja kompyuta, na maarifa mengi yakauzwa katika kisahani chembamba, kwa bei ndogo sana. Mwaka 1996 kampuni ilipata mwenyewe mwingine, na kazi ya kuuza nyumba kwa nyumba ikakomeshwa. Mwaka 2012 kampuni ilitangaza kwamba haitapiga chapa tena vitabu vile. Kampuni haikufa; hata sasa inatoa maarifa yake kwa njia ya intaneti. Lakini yule mwenye mkoba, kazi yake ilikwisha. Ukubwa wa kampuni haukumsaidia.

Basi, siku moja mtu aweza kukujia na kusema, "Njoo ufanye kazi katika kampuni yetu ya elimu." Usikatae kwa hofu, wala usikubali kwa ajili ya jina kubwa. Uliza kwanza mambo matatu. La kwanza: kazi yangu hasa ni nini, kufundisha, kuandika, au kuuza? La pili: nitalipwa kila mwezi, au kwa kile nitakachouza tu? La tatu: maneno ninayofundishwa kuwaambia watu, je, ningekuwa radhi mtu mwingine amwambie mama yangu?

Kisha, karatasi ya mapatano ikiletwa, usiharakishwe. Zamani ulitia dole gumba, ukangoja kuambiwa umekubali nini. Leo unajua kusoma. Isome yote, neno kwa neno, hata kama mwenye karatasi amesimama anatazama saa yake. Ndipo utie sahihi, au uirudishe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali
1. Ensaiklopedia ni nini?
2. Eleza tofauti ya mshahara na kamisheni.
3. Kwa nini mwuzaji aliamriwa kuonyesha kadi?
4. Andika sentensi tatu juu ya kazi uliyopata kuifanya, na jinsi ulivyolipwa.