Viatu vya Kuingilia Majarubani na Mabwawani

Maelezo ya Afisa Afya katika mkutano wa wakazi wa kata



Bonde letu la Kilombero limo katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002. Kwetu ni shamba, ni mahali pa kuvulia kambale na perege, na kwa wachache wenye kibali ni mahali pa kuwindia bata. Wote hao huingia katika maji yale yale, na wengi wao huingia miguu mitupu.

Ndani ya maji hayo kuna mambo matatu ninayoyaogopa kuliko mamba, kwa sababu mamba watu humkimbia. La kwanza ni kichocho. Konokono wa maji yaliyotulia hutoa mabuu yasiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote kwa muda wa dakika chache, hasa jua likiwa kali. La pili ni homa ya mgunda, ambayo hubebwa na mkojo wa panya na wa mifugo, na huingia mwilini kupitia michubuko. Mwaka 2022 ugonjwa huo uliua watu 3 mkoani Lindi kabla haujatambuliwa. La tatu ni nyoka, ambaye kwa kawaida humuuma mtu katika wayo, kifundo au muundi. Kila moja kati ya hayo huanzia chini ya goti.

Nimesikia mara nyingi wananchi wakilaumiwa kwa kutovaa viatu, na lawama hiyo naiona si ya haki. Mwenye kupandikiza mpunga huenda pekupeku kwa sababu buti likizama katika kinamasi hung'ang'ania, naye hubaki ameinua mguu, buti likiwa limebaki chini. Ndala hukatika. Katambuga humchubua mtu kwa mikanda yake inapolowa. Kwa hiyo swali la maana ni kiatu gani kinachokubali kutembea topeni.

Kwa kazi nyingi za bondeni jibu ni buti la mpira lifikalo karibu na goti, lakini lenye kukaa sawasawa mguuni. Buti pana ndilo linalonyonywa na tope. Nendeni kulijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi za mchana, nanyi mkiwa mmevaa soksi nene. Vidole vipate nafasi ya kucheza, ila kisigino kisipande na kushuka mnapotembea. Geuzeni soli mwitazame: meno yawe marefu na yaachane, ili tope lidondoke. Meno yaliyosongamana hujaa udongo mfinyanzi katika hatua chache, na hapo soli huteleza kama sabuni juu ya tuta. Mpira laini unaokunjika kifundoni ni bora kuliko mgumu. Huko Japani wakulima wa mpunga hutumia mabuti ya mpira mwembamba yanayoubana mguu kama soksi, na kwa kweli natamani wafanyabiashara wetu wangeyaleta.

Buti likinasa, msilivute juu kwa nguvu. Inueni kisigino kwanza, mkizungusha mguu taratibu ili hewa iingie chini ya soli, ndipo vidole vifuate.

Sasa, buti lina kikomo, nacho ni ukingo wake. Maji yakipita juu ya ukingo, kinga dhidi ya kichocho imekwisha, na mguu unakuwa umefungiwa pamoja na maji yale yale tuliyoyakwepa. Chukueni fimbo ndefu mpime kina kabla ya kila hatua mahali msipopafahamu.

Wawindaji wa bata na baadhi ya wavuvi huvaa suruali za mpira zilizoungana na mabuti, zifikazo kifuani. Hizo hukinga vizuri, lakini lazima mshipi ufungwe kiunoni juu yake. Mtu akianguka bila mshipi, maji hujaa hadi miguuni, na kupanda ukingoni akiwa na mzigo huo huweza kumshinda hata kijana mwenye nguvu. Msiingie navyo katika mkondo wa mto. Na kwa kuwa nimewataja wawindaji, niseme kwamba bata wa porini ni wanyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kuwinda.

Mabuti yakisharudi nyumbani, yaosheni, yaangikeni kivulini midomo ikitazama chini. Jua kali na moto wa jikoni hupasua mpira. Kupima tundu ni rahisi: zamisheni buti tupu katika ndoo hadi karibu na ukingo, kisha papaseni ndani kwa mkono mkavu. Fundi baiskeli huweza kuliziba kwa kiraka kile kile cha tyubu. Asubuhi lipigeni chini kabla ya kulivaa, maana nge na tandu hupenda giza hilo. Soksi ziwe kavu kila siku, la sivyo fangasi watakula katikati ya vidole na kufungua njia kwa homa niliyoitaja.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe buti, mguu utulizwe usitikisike, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Mwisho, mkiona damu katika mkojo, au mkipata homa kali na maumivu ya misuli baada ya kazi za majarubani, mwambieni mganga kwamba mlikuwa majini. Homa ya mgunda hufanana mno na malaria, na mganga asiyeambiwa habari za maji hana sababu ya kuitafuta. Kichocho kina dawa, nayo ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo kipimo chake hutegemea uzito wa mgonjwa. Kwa hiyo msigawane vidonge nyumbani, kila mmoja aje apimwe.