Kukaza Bolti za Kifuniko cha Injini
(Maneno aliyowaambia wenzake mfanyakazi mmoja wa reli, Kikopey)



Injini ya kiberenge ikivuja mafuta, wengi wetu hushika spana ndefu na kukaza kwa nguvu zote. Hapo ndipo tunapoharibu. Kifuniko cha juu ni bati tu; likizidi kukazwa hubonyea penye bolti, gasketi hupasuka, na mafuta huzidi kutoka.

Fungueni. Kwangueni gasketi kuukuu yote, nyosheni bati. Tieni bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kazeni kidogo kidogo kwa spana fupi, kuanzia za katikati, huku na huku. Injini ikiisha kupata moto na kupoa, zipitieni tena.

Mimi niliteleza juu ya mafuta hayo, goti likapiga reli. Nikaambiwa ni uzembe. Spana fupi hatukupewa! Katibu wa tawi aiandike katika madai yetu.